Hakukaza

Spana zake zote, ila moja, zilikuwa zimekatwa mikia. Aliyefika kwa mara ya kwanza kwenye kibanda chake pale Kyumbi, karibu na njia panda ya kuingia Machakos, alidhani amefika kwa muuza vyuma chakavu, maana vifaa vilivyopangwa juu ya gunia vilikuwa vifupi kama vidole vya mtoto. Alizikata mwenyewe kwa msumeno, siku ileile alipozinunua, kabla hazijashika mafuta. Spana ndefu, alisema, humpa mtu nguvu ambayo hakuiomba, na injini nyingi alizozika ziliuawa na nguvu ya namna hiyo.

Tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi njia nzima ile, lakini ukitaja neno hilo bila kuongeza lingine, kila mwendesha boda kutoka Kyumbi hadi Katumani alijua unamsema nani. Mimi nilikuwa afisa wa mifugo, mwanamke mwenye pikipiki ya ofisi na sanduku la chanjo nyuma, na kwa miaka yote niliyozunguka vijijini kabla ya kuhamishiwa kazi ya mezani, pikipiki hiyo haikuguswa na mtu mwingine ila yeye na mkewe. Nitamsifu katika kurasa hizi, kwa kuwa sifa alizistahili. Msomaji asidhani kwa sababu hiyo kwamba nimemsamehe. Kwanza, wa kusamehe si mimi.

Hakugusa bolti ya injini yenye moto. Kanuni hiyo iliwatesa waendesha boda kuliko kupanda kwa bei ya petroli, kwa sababu wao hufika mbio na hutaka kuondoka mbio.

"Fundi, fungua tu bwana! Niko na mteja ananingoja kule viwandani EPZ."

"Mteja anangoja. Injini inangoja ipoe. Ni wewe peke yako hapa hujui kungoja."

"Sasa nikae hapa kama maharagwe kwa jiko?"

"Afadhali maharagwe. Yenyewe huiva."

Waliokuwepo wakacheka, naye mwenye haraka akacheka kwa shingo upande, akaketi. Ndipo Fundi alipoeleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwa mara ya mwisho ingawa angeeleza tena kesho yake: mwili wa injini hizi ni alumini, bolti ni ya chuma, na chuma kikipigana na alumini hakuna siku chuma kimeshindwa. Alumini yenye moto ni laini zaidi. Ukiikazia bolti humo, meno ya shimo hung'oka taratibu bila kelele, nawe unaondoka ukijiona umefanya kazi.

Kumtazama akifunga kifuniko cha injini ilikuwa kama kumtazama mtu akimvalisha mtoto mchanga. Aliifuta bolti kwa kitambaa, akaiinua kwenye mwanga kuyakagua meno yake, kisha akaiweka shimoni na kuizungusha kinyume kwanza, mpaka ilipodondoka kidogo na kukaa kwenye njia yake. Baada ya hapo aliingiza kwa vidole viwili. Ikigoma vidoleni, aliitoa akaanza upya. Hakuwahi kuibembeleza kwa spana. Bolti zikiwa nyingi, alizifuata kwa msalaba, hii na ya mkabala wake, akizipa kidogo kidogo kwa duru, kama mama anayegawa ugali kwa watoto wenye njaa, kila mmoja apate tonge kabla yeyote hajashiba. Spana fupi ilikuja mwisho kabisa, na hapo ndipo aliponyamaza.

"Sikiliza kwa kifundo cha mkono," aliniambia siku moja aliponipa niifunge bolti ya kumwagia oili ya pikipiki yangu. "Kwanza inakimbia. Halafu inakataa. Ikikataa, ongeza kidogo, uache. Ukiendelea, itafika mahali italainika tena. Daktari, hapo usifurahi. Hiyo haijakutii. Imekufa."

Daktari lilikuwa jina langu pale, ingawa nilikuwa wa ng'ombe na mbuzi tu.

Kazi ilipokwisha alichovya kijiti kwenye chupa ya rangi nyekundu ya kucha akachora mstari mwembamba kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye alumini, ili mstari ukivunjika mwenye pikipiki ajue bolti imesogea. Waendesha boda walimtania kwamba injini zao zinaenda harusini. Mkewe hakupaka kucha kamwe. Chupa ile, alisema, ni ya kazi.

Sifa kuu kinywani mwake ilikuwa maneno mawili: mkono mwepesi. Aliyatoa kwa ubahili. Aliyatumia kwa mganga wa mifupa aliyemrudishia bega, na kwangu aliponiona nikimchoma ndama sindano bila ndama kushtuka. Mwenye mkono mwepesi, kwa lugha yake, ni yule anayejua mahali pa kuacha. Wateja wake walikuwa na lugha nyingine. Kwao fundi mzuri ni mwenye mkono mzito, anayekaza mpaka mishipa ya shingo imsimame, nao walisimama juu ya kichwa chake wakimhimiza: kaza Fundi, kaza kabisa, hii barabara ya kokoto inalegeza kila kitu. Bolti ikidondoka njiani, hukumu yao ilikuwa moja tu: hakukaza.

Naye aliwakatalia mbele yangu mara nyingi. "Msitazame bolti," aliwaambia. "Bolti ni muongo. Iliyolegea huanguka, na iliyokazwa kupita kiasi huanguka vilevile. Tazameni shimo. Meno yakiwa mazima, mtu hakukaza. Shimo likiwa laini kama pete, mtu alikaza mpaka akaua." Walitikisa vichwa, wakasahau kabla hawajafika barabarani.

Alikuwa na chuki na neno jikaze, neno ambalo nchi hii humpa mtu badala ya msaada. Mume wangu alipofariki, niliambiwa nijikaze na kasisi, na wakwe, na mkubwa wangu kazini, na muuza mboga. Fundi alikuja matangani na shati safi, akaketi pembeni, na alipoondoka aliniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Daktari, usijikaze sana. Wewe si chuma." Nililia siku ile kuliko siku ya kuzika. Nataka lijulikane kwamba alinifanyia hivyo, na kwamba mtu yuleyule ndiye aliyefanya nitakayosimulia.

Mpole huyo wa bolti alikuwa mkali wa ulimi, na kiburi chake kilikuwa kirefu kuliko spana zake. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, Msomali wa mjini aliyekuwa mteja wake wa siku nyingi, alimletea kutoka Nairobi spana ya kipimo, ile inayotoa mlio bolti inapofika kiwango chake. Fundi alimshukuru, akaifunga kwa kitambaa, akaitundika ukutani juu ya kalenda. Haikushuka. Nilipomuuliza alinitazama kana kwamba nimemshauri atafuniwe nyama. "Mimi nisubiri chuma kiniambie?" Basi.

Mkewe tulimwita Mama. Alikaa kwenye mtungi uliopinduliwa, akiosha vipuri kwa mafuta ya taa, na kwa miaka mingi nilidhani kazi yake inaishia hapo. Fundi hakumfundisha. Alimfokea tu: lete namba kumi, ondoa hiyo, si hivyo. Mama alijifunza kwa kutazama, na sijui ni lini alianza kuwa bora kuliko yeye. Najua tu ni lini niligundua. Siku hiyo Fundi alikuwa akinisimulia jambo huku ameegemeza vidole kwenye bomba la moshi la pikipiki iliyozimwa muda huohuo. Harufu ilinifikia mimi kabla yake. Mama alinyoosha mkono, akaviondoa vidole vile, kama mtu anayefukuza nzi kwenye chakula, naye Fundi akaendelea na hadithi.

Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemtia ganzi vidoleni. Kifundo kile kilichosikiliza bolti kilikuwa kimekuwa kiziwi. Tangu hapo nikawa naona kile ambacho wateja hawakukiona: Fundi anaingiza bolti, anazungusha duru za mwanzo kwa maneno mengi, kisha anamkabidhi Mama spana kana kwamba ni kazi ndogo isiyomfaa, "Malizia hapo," naye anaangalia pembeni. Mama anamalizia. Fundi anachora mstari mwekundu. Kila injini iliyosifiwa Kyumbi miaka ile ya mwisho ilikuwa imefungwa na mkono wa Mama.

"Kwa nini msiwaambie watu?" nilimuuliza Mama.

"Niwaambie nini, Daktari? Mkono wake umekufa? Atakaa wapi mchana?"

Asubuhi moja nilimpakia Mama kwenye pikipiki yangu nikampeleka hospitali Machakos kumchukulia Fundi dawa. Foleni ilikuwa ndefu. Tulirudi jua limeshapinda. Tulipofika, msafirisha maziwa mmoja, mtu mzima mwenye familia kule upande wa Mua, alikuwa ameshabadilishiwa oili na kuondoka. Mama alitazama chini ya gunia, mahali ilipokuwa ikilala ile spana moja ndefu ambayo Fundi aliiweka kwa ajili ya nati za magurudumu. Ilikuwa imetoka, na bomba la kuongezea urefu limechomekwa kwenye mkia wake.

"Umefunga wewe?" akamuuliza.

"Kwani nani mwingine ni fundi hapa?"

Mama alitaka mtu yule apigiwe simu arudi. Fundi alimwambia, mbele yangu, kwamba siku atakayofundishwa kazi na mwosha vipuri atafunga kibanda. Mama alipiga mwenyewe. Simu haikushikwa. Mtu yule alikuwa tayari kwenye mteremko wa Mua, bolti ilikuwa imeshadondoka, na oili imekwisha kumwagika barabarani. Injini ilikwama, gurudumu la nyuma likasimama ghafla, naye akarushwa pamoja na madebe yake. Aliishi. Mguu wake haukurudi kuwa mguu.

Waendesha boda waliitisha kikao chini ya mabati ya stendi yao. Pikipiki iliyoanguka ililetwa, ikalazwa ubavu. Nilikuwepo, na kabla watu hawajajaa niliingiza kidole changu kwenye shimo la bolti ya oili. Lilikuwa laini kama pete.

Mwenyekiti wao, mtu wa makamo mwenye sauti ya mnadani, aliuliza: "Fundi, hii ilifungwa na nani?"

Fundi alitazama mikono yake. "Hapa tunafanya kazi wawili," akasema.

Hiyo ilitosha. "Si nilisema?" mmoja akadakia. "Ni huyu mama! Hakukaza!"

"Huo ni mkono wa kukanda chapati."

"Mama, bolti si kifungo cha blauzi, bwana!"

Nilisimama. Nikawaambia kwamba siku ile Mama alikuwa nami Machakos tangu asubuhi, na kwamba shimo lile linaonyesha bolti iliyokazwa kupita kiasi, si iliyolegea. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu. Sauti moja nyuma ikasema, "Daktari, wewe ni wa ng'ombe. Hii haina kwato." Kikao kizima kikaangua kicheko, na mwingine akaongeza kwamba wanawake wana chama chao, lazima nimtetee.

"Fundi," nikamgeukia, "waambie shimo linasema nini. Wewe ndiye uliyenifundisha kulisoma."

Mama alikuwa amesimama kando ya nguzo, mikono ndani ya leso, anamtazama. Hakumwomba chochote kwa macho yale. Alikuwa akingoja tu, kama mtu anayengoja injini ipoe.

"Mkono wa Mama," Fundi akasema, "ni mwepesi."

Nimeyapima maneno hayo kwa miaka. Hayana uongo ndani yake. Kwa lugha yake yalikuwa sifa kuu, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimpa mkewe sifa hiyo. Kwa lugha yao yalikuwa hukumu. Alizijua lugha zote mbili, akachagua sentensi itakayomfaa katika zote, na akaketi.

Walitoa amri kwamba mwanamke asiguse injini ya mwanachama tena. Mama aliondoka kibandani siku hiyohiyo. Msafirisha maziwa alimpelekea maneno ambayo sitayaandika, na sokoni wanawake wenzake walimwita "Hakukaza", wakicheka, kama vile ni jina la utani lisilouma. Fundi akabaki na spana zake na vidole vyake vilivyokufa. Haukupita muda, mashimo yakaanza kulainika moja baada ya jingine, na waendesha boda wakasema kwa huruma kwamba mzee amevunjwa moyo na uzembe wa mkewe. Kibanda kilifungwa. Mama akapata kazi ya kushona suruali katika kiwanda kimoja cha EPZ, akapanga chumba Athi River, na Fundi alipokatwa mguu kwa ajili ya sukari, akamchukua akakaa naye.

Nilifika huko mwaka huu. Sikwenda kusalimia tu. Mwenyekiti yule wa waendesha boda alikuwa amenisimamisha Kyumbi. "Daktari, hawa mafundi wapya wanatumaliza," akasema. "Kila wiki shimo limekufa. Watu wameanza kukumbuka, yule mama akiwa hapo hatukuwa na hii shida. Lakini wewe unajua watu. Wataniuliza mguu wa mwenzao. Mzee akisema kwa mdomo wake kwamba si mama alifunga ile, hata kesho aje afungue. Nitamtafutia nafasi mimi mwenyewe." Na Mama, nilijua, alikuwa akiitamani kazi ile kuliko kitu chochote. Aliwahi kuniambia kwamba kiwandani, cherehani ikiharibika, huomba aguse yeye kabla fundi wa mashine hajaitwa, ili mkono usisahau.

Nilimkuta Fundi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, vumbi la saruji limekaa juu ya mabati ya majirani. Alifurahi kuniona. Aliuliza pikipiki ya ofisi iko wapi, akasikitika kusikia iliuzwa mnadani. Nikamweleza kilichonileta, neno kwa neno, bila kumzungusha.

"Mama anataka kurudi?" akauliza.

"Anataka. Na neno lako tu ndilo limebaki."

"Mpigie mwenyekiti," akasema.

Niliweka simu kwenye spika, nikamshikia karibu na mdomo kwa kuwa vidole vyake havikuweza kuishika. Wakati huohuo Mama akaingia, anatoka zamu, vinyuzi vya buluu vimemganda kwenye sweta. Nilimnong'oneza ni nani yuko kwenye simu. Akasimama palepale na mfuko wa sukuma wiki mkononi.

"Mzee wetu! Uko salama?" sauti ya mnadani ikajaa chumbani. "Sasa, Mzee, nataka kusikia kutoka kwako. Ile mambo ya mama. Tukubali arudi ama namna gani?"

Fundi alisafisha koo. Nilimwona akimtazama Mama, na nikaamini, naapa niliamini, kwamba sasa anasema ukweli.

"Arudi," akasema. "Mama ameiva sasa. Nimekaa naye hapa, nimemfundisha upya. Hawezi kurudia."

"Basi, Mzee! Kama umemsamehe wewe, sisi ni nani? Mungu akubariki. Mwambie afungue hata Jumatatu."

Simu ikakatika. Fundi aliniangalia kwa uso wa mtu aliyetoa zawadi kubwa. Mama aliweka sukuma wiki juu ya meza, akavua viatu vya kazi, akajaza maji kwenye sufuria.

"Umekunywa dawa ya mchana?" akamuuliza.

"Bado."

Akampa dawa, akamshikia kikombe mpaka akameza.

Alinisindikiza hadi barabarani. Malori ya saruji yalipita, ikabidi tusimame mpaka kelele ipungue. Nikamwambia kwamba nitarudi Kyumbi kesho, nitamwambia mwenyekiti ukweli tena, hata wakinicheka tena.

"Usiende, Daktari," akasema. "Atabadilisha nia. Wacha nifungue."

"Utafungua ukiwa na jina hilo la Hakukaza? Umesamehewa kosa ambalo si lako, na kila atakayeleta pikipiki atakukumbusha."

Alijifuta vinyuzi kwenye sweta, kimoja kimoja, bila haraka.

"Na niko na lingine?"